Hiace iliyobadilishwa injini ikizima njiani, anzia kwenye ethi

Ikizima yenyewe kisha ikawaka baada ya dakika chache, usikimbilie kununua pampu ya mafuta. Tazama kwanza inavyozima. Ikikohoa na kupoteza nguvu taratibu, fuata mafuta. Ikikatika ghafla kama umezima swichi, na mshale wa RPM (mizunguko ya injini) ukaanguka sifuri huku gari bado linatembea kwenye gia, shuku umeme.

Kwa injini ya kubadilisha, mimi naanza na waya wa ethi, yaani wa kurudisha umeme kwenye hasi ya betri, kati ya injini na bodi. Ni rahisi kusahaulika siku ya kufunga, au ukabanwa juu ya rangi. Washa injini na taa zote, shika mita ya volti: ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, kisha kwenye bodi. Ikizidi volti 0.2, fungua, kwangua hadi chuma king'ae, kaza upya. Yangu ilisoma 0.9! Miezi miwili ya kuhangaika, kumbe nati moja imelegea.

Ethi ikiwa nzima, tikisa wayaringi injini ikiunguruma, hasa maungio yaliyosokotwa na kuzungushiwa tepu. Inayozima ikipata moto tu na kuwaka ikipoa, angalia sensa ya krenki, ile inayosoma mzunguko wa krenki ya injini.