Namna ya Kupanga Safari ya Kutazama Mechi za Maandalizi za Besiboli Arizona

Kila mwaka, kuanzia katikati ya Februari, timu zote 30 za ligi kuu ya besiboli ya Marekani huhamia kwenye majimbo mawili yenye joto kujiandaa kwa msimu: 15 huenda Florida, ambako mechi zao huitwa Ligi ya Grapefruit, na 15 huenda Arizona, kwenye Ligi ya Cactus. Shabiki anayekwenda kwa mara ya kwanza namshauri achague Arizona, isipokuwa kama timu aipendayo iko Florida. Viwanja vyote 10 vya Ligi ya Cactus vimo katika jiji la Phoenix na miji inayolizunguka, kwa hiyo mtu hulala mahali pamoja tangu afike hadi aondoke. Florida kambi zimetawanyika pande zote mbili za jimbo, na kutoka Tampa hadi West Palm Beach ni safari ya zaidi ya kilomita 300.

Jambo la pili ni kuchagua wiki. Mechi huanza mwishoni mwa Februari na kuendelea hadi karibu na mwisho wa Machi, lakini mwanzo wake haufanani na mwisho. Katika siku za kwanza mrushaji mkuu, yaani anayemrushia mpigaji mpira, hurusha kwa awamu moja au mbili tu kati ya tisa za mechi, kwa sababu mkono wake unazoeshwa kazi kidogo kidogo, na wapigaji mashuhuri hupiga mara mbili au tatu kisha wakapumzishwa. Anayetaka kuwaona nyota wakicheza kwa muda mrefu aende nusu ya pili ya Machi. Anayependa kuona vijana wakipigania nafasi, aende mapema.

Ratiba isomwe kwa makini kabla ya kulipia tiketi. Viwanja vitano hutumiwa na timu mbili kila kimoja, na kwa sababu hiyo huwa na mechi karibu kila siku: Salt River Fields, kilichofunguliwa mwaka 2011 kwenye ardhi ya jamii ya wenyeji wa asili karibu na Scottsdale, ni cha Diamondbacks na Rockies, Camelback Ranch ni cha Dodgers na White Sox, na vingine viko Goodyear, Peoria na Surprise. Ukiona herufi ss kando ya jina la timu, fahamu kwamba kikosi kimegawanywa na kinacheza mechi mbili siku hiyohiyo katika viwanja tofauti, hivyo mchezaji uliyemfuata huenda akawa kwingine. Kwa jumla wachezaji wakongwe hawapendi kusafiri, kwa hiyo itazame timu yako ikiwa nyumbani. Mechi za katikati ya wiki huwa na nafasi zaidi kuliko za Jumamosi na Jumapili.

Gari la kukodi ni la lazima kwa anayetaka kuzunguka viwanja vingi, na hapa ndipo nilipokosea mimi. Nilinunua tiketi za mechi mbili za siku moja, ya mchana upande wa mashariki, Mesa, na ya jioni Surprise, kaskazini-magharibi kabisa. Mechi ya mchana ilirefuka, foleni ya jioni ikanikamata barabarani, na nilipoketi hatimaye, mrushaji niliyemfuata alikuwa ameshamaliza kazi yake na kuondoka. Tangu hapo, nikipanga mechi mbili kwa siku, nachagua viwanja jirani, kama vile Peoria na Surprise. Kumbuka pia kwamba Arizona haisogezi saa zake mbele mwezi Machi kama yafanyavyo majimbo mengi. Tofauti yake na New York, ambayo ilikuwa saa mbili, huwa saa tatu, na anayeunganisha ndege asipoliangalia hilo atachelewa.

Mechi nyingi huanza mchana, muda mfupi baada ya saa saba, lakini usisubiri saa hiyo. Asubuhi ndiyo sehemu ya safari ninayoithamini kuliko zote. Kambi kadhaa huwaruhusu mashabiki kutazama mazoezi kwenye viwanja vya nyuma, na kila klabu hutangaza siku na saa zake. Hapo unasimama kwenye uzio, hatua chache tu kutoka kwa mrushaji, na unausikia mpira ukiingia katika glovu ya mdakaji, anayeupokea mpira nyuma ya mpigaji, kwa mlio mkavu ambao televisheni haijawahi kuufikisha nyumbani. Kocha mmoja niliyemtazama alikuwa na ndoo ya mipira miguuni na alirudia zoezi lilelile na kijana mmoja, akimsogeza mguu wa kushoto nusu hatua kila mara, mpaka ndoo ikaisha.

Anayetaka saini za wachezaji afike mara milango inapofunguliwa, awe na kalamu yake, na asimame pale jukwaa linapokutana na njia ya wachezaji. Watoto wapishwe mbele.

Jua la Arizona ni kali hata Machi, na hewa kavu hukausha jasho kabla hujalihisi. Pata kofia, mafuta ya kujikinga na jua na maji, na uchague safu za juu nyuma ya mpigaji, ambako mara nyingi kuna paa. Kilima cha nyasi nyuma ya uwanja ni mahali pa bei nafuu na pa kupendeza, ila kivuli hakuna. Beba shuka la kukalia, baada ya kusoma masharti ya uwanja kuhusu mifuko.

Kufikia awamu ya saba, walioko uwanjani huwa wengi ni vijana wenye namba kubwa mgongoni, za 80 na 90, na watazamaji huanza kuondoka. Wewe baki. Timu zikiwa sare baada ya awamu ya tisa, mechi kwa kawaida huishia hapo, na vijana hao hupita kandokando ya uzio wakirudi vyumbani, bila msongamano wa watu.