Jinsi ya kujenga uaminifu na mgonjwa wa fiziotherapia tangu siku ya kwanza

Ninafanya fiziotherapia hapa Kisumu. Wengi ninaowahudumia ni vijana wa bodaboda waliovunjika miguu, wazee waliopata kiharusi na akina mama wanaoumwa mgongo au magoti. Mazoezi ninayowapa yanafundishwa katika kila chuo. Lakini nimeona mara nyingi kwamba anayeendelea na anayetoroka baada ya wiki mbili hutofautiana kwa jinsi tulivyoanza naye. Kama ndiyo unaanza kazi hii, fanya hivi.

Hatua ya 1: Kaa chini
Usiguse mguu kabla hujamsikia mwenye mguu. Vuta kiti, weka faili kando, muulize anapenda kuitwaje. Mama mmoja aliniambia, "Niite Nyar Sakwa," yaani binti wa Sakwa kwa Kijaluo. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita "yule wa goti" tena. Dakika tano zinatosha, hata foleni ikiwa imefika mlangoni.

Hatua ya 2: Kubalianeni lengo
Hapa usiharakishe. Mwaka 1979 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Bordin, alieleza kwamba ushirikiano wa mtaalamu na mgonjwa una sehemu tatu: kukubaliana lengo, kukubaliana kazi za kufanya, na kuaminiana. Wengi wetu tunairuka ya kwanza. Tunaandika "goti likunjike nyuzi 110" na kuona tumemaliza. Nyar Sakwa huuza samaki soko la Kibuye. Alichotaka ni kupanda matatu bila kuvutwa mkono na kondakta. Basi tukapima ngazi ya matatu, tukatafuta kreti ya kimo hicho, na kuipanda kukawa ndilo zoezi lake. Kila wiki alijionea mwenyewe amefika wapi.

Hatua ya 3: Sema ukweli kuhusu maumivu
"Nitakunja goti, litauma kidogo. Ukisema basi, naacha." Na akisema basi, acha kweli. Aliyekaza misuli kwa woga huwezi kumkunja goti.

Mazungumzo haya si adabu tu. Utafiti uliofanywa Kanada na kuchapishwa 2014 ulihusisha watu 117 wenye maumivu sugu ya mgongo. Waliopewa tiba ya umeme na mtaalamu aliyewasikiliza na kuwatia moyo, maumivu yalipungua kwa takriban asilimia 77. Waliopewa umeme uleule na mtaalamu aliyezungumza nao kidogo tu, asilimia 47.

Hatua ya 4: Mpe mazoezi machache
Mawili au matatu. Akuonyeshe yeye, kisha mpange atayafanya saa ngapi.

Hatua ya 5: Akirudi hajafanya, uliza kilichomzuia
Hili nilijifunza kwa uchungu. Kijana mmoja wa bodaboda alirudi bila kufanya lolote, nikamgombeza mbele ya wenzake. Alipotea miezi miwili, akarudi goti limekauka. Safari hiyo nilimwomba msamaha kwanza, ndipo nikamuuliza. Kumbe nilimpa mazoezi ya kulala sakafuni, naye anaishi chumba kimoja Manyatta na mke na watoto watatu. Hakuna pa kunyoosha mguu. Aibu ilimzuia kuniambia. Tukabadilisha yote yawe ya kukaa. Sasa anayafanya kwenye benchi la stejini, wenzake wakimhesabia.