Kuoanisha amplifaya ya vali na spika zenye usikivu mkubwa

Amplifaya yenye vali moja (bomba la kioo linalokuza umeme wa sauti) ya aina ya 300B kila upande hutoa wati 8 hivi. Ya vali ya aina ya 2A3 hutoa 3.5. Wati hizo zinaweza kujaza sebule au zisifue dafu, inategemea umezifunga kwenye spika gani. Shika kikokotoo kabla ya pochi.

1. Usikivu. Ni desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) zinazopimwa mita 1 mbele ya spika. Angalia kama kipimo ni cha wati 1 au cha volti 2.83. Kwa spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) ni kitu kilekile. Kwa ya omu 4, volti 2.83 ni wati 2, hivyo punguza desibeli 3: iliyoandikwa 91 ni 88 tu. Watengenezaji wanaujua mchezo huu.

2. Hesabu. Nguvu ikizidi mara mbili, sauti hupanda desibeli 3. Wati 8 ni nyongeza ya desibeli 9 juu ya wati 1. Spika ya usikivu wa 98 itafika 107, ya 87 itaishia 96. Ukikaa mita 3 toa hadi 9.5, ingawa kuta hurudisha kidogo. Kishindo cha ngoma hupita wastani wa muziki kwa desibeli 10 hadi 20, na hapo ndipo ile ya 87 huanza kukwaruza.

3. Tundu la transfoma. Ni pale nyuma ya amplifaya unapofunga waya wa spika, pameandikwa omu 4 au 8. Zima amplifaya kwanza. Spika ya omu 8 iende kwenye tundu la 8, ya 4 kwenye 4. Ukifunga ya 4 kwenye tundu la 8, vali iliyopangiwa mzigo wa omu 3,500 itaona 1,750, na sauti itachafuka. Spika ya "omu 8" inayoshuka hadi 4 kwenye besi, ijaribu kwenye tundu la 4. Usipige muziki bila spika: volti hupanda ndani ya transfoma na zinaweza kuiunguza.

4. Ukinzani wa amplifaya. Ni ukinzani wa amplifaya yenyewe pale inapotolea sauti. Wengi huruka hapa, kisha wanalaumu vali. Zima amplifaya, funga rezista ya omu 16 ya wati 10 badala ya spika. Washa, cheza mlio wa hezi 100, sauti ya chini, pima volti za AC. Zima, weka ya omu 8, washa, pima tena bila kugusa kitasa cha sauti. Tuseme umepata 2.22, kisha 2.00. Tofauti ni 0.22. Mkondo wa kwanza ni 2.22÷16 = 0.139, wa pili 2.00÷8 = 0.25, umeongezeka 0.111. Gawanya 0.22 kwa 0.111: omu 2.

Sasa tazama mchoro wa ukinzani wa spika. Ukinzani huo ukipanda na kushuka kati ya omu 4 na 30, amplifaya hii itainua sehemu ya 30 kwa karibu desibeli 3 juu ya ile ya 4. Ile ya 30 ikiwa kwenye besi, besi itavimba. Tafuta spika yenye mstari uliotulia, hata kama usikivu wake ni pungufu kwa desibeli 2.

5. Mvumo. Ni ule mngurumo unaosikika hata bila muziki. Milivolti 1 ya mvumo kwenye spika ya usikivu wa 104 ni desibeli 35, utaisikia usiku. Kwenye ya 88 ni 19, haisikiki. Kwa umeme wetu wa hezi 50, mvumo wa hezi 100 mara nyingi hutoka kwenye kapasita za kuchujia. Wa hezi 50 hutoka kwenye nyuzi za vali zinazopashwa kwa AC, au kwenye ethi (waya wa ardhi) iliyofungwa mara mbili. Kama amplifaya ina kitasa cha kusawazisha mvumo, kizungushe taratibu huku multimita ikiwa kwenye milivolti za AC, hadi usomaji ufike chini kabisa. Ukilazimika kufungua boksi, subiri kapasita zimwage chaji kupitia rezista, kisha pima: volti 400 zinaweza kubaki humo hata baada ya kuchomoa plagi.