Kusimulia ya kila siku kwa watu usiowajua: mwongozo wa Nairobi

Makanga, yule mkusanya nauli wa matatu, akikupa noti moja ya mia mgawane na abiria wa kando, hicho tayari ni kisa. Taabu huanza ukitoa simu kukiandika.

Rafiki yako ukimwambia "leo nimeona mambo", atakuuliza mambo gani. Asiyekujua haulizi, kidole chake kishapita. Hajui sauti yako, hajui kama unatania, hajui kama wewe ni mtu wa kulalamika kila Jumatatu. Anachopata ni vitu vidogo unavyomwekea mbele: saa, bei, neno lililosemwa, kilichokuwa mkononi. Lakini hivyo hivyo vitu vidogo ndivyo vinavyomwanika jirani, mwajiri au mtoto. Kazi yote basi ni kuchagua: kipi kibaki, kipi kibadilishwe, kipi kisiandikwe kabisa.

Hapa kuna kisa kimoja kilichoandikwa namna mbili. Tumekitunga kwa ajili ya mwongozo huu, ingawa ya namna hii hutokea kila mvua inaponyesha mjini.

Namna ya kwanza: "Jamani hii Nairobi ina mambo. Leo makanga amenifanyia kitu sitasahau maishani. Nauli wamepandisha, chenji nayo shida tupu. Watu wa matatu hawana utu kabisa. Ila kuna mama mmoja alinishangaza, Mungu ambariki."

Namna ya pili: "Saa moja jioni, mvua, Thika Road. Nauli ya asubuhi ilikuwa 80, sasa ni 150. Nimetoa 200, mama wa kando naye 200. Makanga amerudi na noti moja ya mia: 'Wewe na mathe mgawane.' Akapotea mlangoni. Mimi sina hamsini, mama hana hamsini. Tukanyamaza mpaka Roysambu, mia ikiwa imekaa kwenye goti lake. Kabla hajashuka alimwita muuza ndizi dirishani: kumi kwa mia. Akanihesabia tano mapajani, moja moja, kama mtu wa benki. 'Tusidaiane,' akasema."

Ya kwanza imejaa hisia na haina kitu. Msomaji anaambiwa ashangae bila kuonyeshwa cha kushangaza. Ya pili ina maneno kama sabini, bei zinazojumlika, kauli mbili za watu, na inaisha pale jambo lilipoishia. Haisemi makanga ni mbaya wala mama ni mwema. Angalia pia kilichoachwa: hakuna jina la sacco, hakuna nambari ya gari, wala nguo za mama hazikutajwa. Mama huyo akikisoma atajitambua mwenyewe, lakini dada yake hawezi kumtambua.

Ukitaka kufika hapo, anza na mwisho. Kabla hujaandika neno, jiulize kisa kinaishia kwenye kitendo gani au kauli gani. Hapa ni ndizi tano mapajani. Ukishaujua mwisho, utaona kwamba kutafuta gari kwa nusu saa, viatu kulowa na bosi kukuchelewesha havisaidii, vitoe. Kisha kiseme kwa mdomo kama unatuma ujumbe wa sauti, ndipo ukiandike. Sentensi mbili za mwanzo za rasimu huwa za kupasha injini moto ("Sijui nianzie wapi…"), na karibu kila mara zikifutwa kisa huanza vizuri zaidi. Maneno 70 hadi 120 yanatosha kisa cha siku moja. Kikipita 200, pengine una visa viwili.

Kauli ya mtu iandike kama alivyoisema. "Mathe mgawane" ukiisanifisha ikawa "mama, mtagawana", makanga amekufa. Ila kauli mbili au tatu zinatosha. Mazungumzo marefu humfanya msomaji aanze kushuku kwamba umeyatunga, maana hakuna anayekumbuka mistari kumi na miwili neno kwa neno.

Kwenye X, akaunti ya kawaida hupewa herufi 280, kwa hiyo kisa kama hiki kitakatika vipande viwili. Kikate mahali ambapo kipande cha kwanza kinaweza kusimama peke yake, kwa sababu watu watasambaza hicho kimoja tu. Hapa mkato mzuri ni baada ya "mama hana hamsini": mgogoro uko wazi na hakuna aliyesingiziwa jambo. Ukikata penye tuhuma huku maelezo yakiwa kipande cha pili, tuhuma itatembea mpaka Mombasa na maelezo yatabaki Pangani.

Kuna kosa dogo linaloua visa vingi vya mji huu: maelezo ya njia na bei yasiyo sahihi. Andika umepanda matatu nambari 111 kwenda Rongai, na hakuna atakayesoma mstari wa tatu. 111 ni ya Ngong, Rongai ni 125 na 126. Matatu ndogo ina abiria 14, kwa hiyo usiketishe watu ishirini kwenye siti zake bila kusema kwamba wengine wamebebana. Tokeni ya stima ina tarakimu 20, nambari ya mita 11. Mvua kubwa ya mwezi wa nane hapa inahitaji maelezo, maana huo ni wakati wa baridi na mawingu. Msomaji wa Nairobi haamini kisa kwa sababu umeapa; anaamini kwa sababu nauli imelingana na steji.

Halafu kuna msomaji asiye wa Nairobi, na hapa ndipo wengi hujikwaa bila kujua. Kiswahili kinasomwa Dar, Zanzibar, Bujumbura na Lubumbashi. Ukiandika "bibi yangu amekataa kunipikia", Nairobi wanaelewa mke, Dar wanaona mwanamke mzee amechoka kumlea mjukuu mkaidi. Huku kwetu mama ya mama ni nyanya, neno ambalo kule kwanza humpeleka mtu sokoni. Andika "mke wangu", na kwa bibi wa ukoo andika "nyanya, mama yake mama", mara moja tu, kisha endelea. Githeri kwa Mtanzania ni makande. Stima atakisia, matatu anaijua, lakini soo, finje na ashu hatazipata. Andika mia, hamsini na kumi kwenye masimulizi, na uziache za sheng, lugha ya mtaani ya Nairobi, ndani ya vinywa vya wahusika. Usiweke tafsiri kwenye mabano kila mstari. Panga sentensi ili maana ijitokeze: "'Leta finje,' akasema, nami sarafu zangu zote zilikuwa arubaini, kumi pungufu" inajieleza yenyewe.

Maoni yana ugumu wake. Kisa kina mwanzo na mwisho, maoni hayana, na ndiyo maana huteleza yakawa mahubiri. Punguza ukubwa. "Matatu zinanyanyasa abiria" ni maoni ambayo kila mtu anayo na hakuna atakayeyajibu ila kwa kuguna. "Nauli ya mvua itangazwe mlangoni kabla mtu hajapanda, siyo gari likishafika mzunguko wa Globe" ni maoni yenye mpini. Mtu anaweza kuyashika akakubali, akapinga, au akakueleza mafuta yanavyochomeka kwenye msongamano. Baada ya kusema unachofikiri, weka ulichokiona kilichokufanya ufikiri hivyo, kisha taja mahali ambapo hoja yako haifanyi kazi. Hatua hiyo ya tatu ndiyo inayorukwa, nayo ndiyo inayopunguza matusi: ukitaja mwenyewe pingamizi, aliyekuja kupinga hukuta kiti kimeshakaliwa.

"Wakenya wote" na "wanawake wa siku hizi" huharibu maoni papo hapo, maana mjadala unahama kutoka jambo lenyewe kwenda kwa wasiohusika. Kabila la mtu usilitaje isipokuwa kisa hakieleweki bila hilo, na kisa cha makanga, mwenye nyumba au mama mboga huwa kinaeleweka. Mbali na adabu, Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya 2008 inaadhibu uchochezi wa chuki za kikabila, na utani ulioupenda mezani nyumbani unasomeka tofauti kabisa kwenye skrinshoti.

Sasa suala la kuwaficha watu. Kumtoa mtu jina hakumfichi. Mtaa, kazi na sifa moja ya mwili au ya familia vikikutana, mtu amepatikana: "keateka wa ploti yetu Kasarani anayechechemea" ana jina tayari kwa kila mpangaji, na keateka mwenyewe, msimamizi wa nyumba, yumo kwenye kundi la WhatsApp la ploti. Kanuni tunayoitumia ni kuacha viwili kati ya vitatu vipotee. Ukihitaji kuchechemea kwake kwa ajili ya kisa (alipanda ghorofa nne kuja kukata maji, tuseme), ondoa mtaa na umwite "mtu wa kodi".

Vinavyobadilishika ni siku, mtaa wa jirani wenye nauli ileile, idadi ya watoto na aina ya kazi au ya bidhaa. Visivyobadilishwa ni kilichotendeka, nani alikitenda, na pesa. Ukibadilisha chochote, mstari mmoja wa mwanzo unatosha: "Mahali nimepabadilisha." Kisa cha nyumbani kwako kisubiri wiki moja, na cha safarini kisubiri ushuke na uondoke kwenye steji. Anayesoma kwamba uko Ngara sasa hivi na simu mkononi si lazima awe shabiki wako.

Picha huumbua zaidi ya maneno. Ujumbe wa M-Pesa huwa na msimbo wa muamala, jina, saa na salio lako, na pengine nambari ya simu. Watu hufunika nambari wakaliacha jina na salio wazi. Usifunike kwa kalamu ya kupaka ya kwenye simu: mara nyingi rangi yake hupitisha mwanga, na mtu akiongeza mwangaza wa picha maandishi yanaweza kurudi. Weka kisanduku cheusi kabisa, piga skrinshoti ya picha hiyo iliyofunikwa, na utume hiyo ya pili. Kata ukanda wa juu wenye arifa. Tazama nyuma ya kilichopigwa: nambari ya geti, nambari ya gari, sare ya shule. Na picha ikitumwa WhatsApp kama dokumenti badala ya picha ya kawaida, inaweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa, ikiwa kamera ilikuwa imeruhusiwa kuhifadhi mahali.

Watoto na sura za watu wasioombwa ruhusa ni eneo la sheria. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na mwaka 2023 shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na kilabu kimoja shilingi 1,850,000 kwa picha ya mteja wake. Hizo zilikuwa biashara, si mtu na simu yake, lakini mama wa mtoto uliyempiga picha akilia kwenye matatu hatakuuliza kama umesajiliwa kampuni.

Kashfa nayo: Februari 2017 Mahakama Kuu ilitupa kifungu kilichoifanya kuwa jinai, ila mtu bado anaweza kukushtaki akidai fidia. Tofauti huwa ndogo sana kwenye uandishi. "Yule fundi ni mwizi" ni hukumu ambayo itabidi uithibitishe. "Nilimwachia simu Jumanne na 1,500 ya skrini, Ijumaa duka lilikuwa limefungwa na simu yake haipatikani" ni mambo yaliyotokea, na msomaji ataamua mwenyewe. Tena ya pili ni kisa bora.

Ukishaweka, kaa karibu kwa saa moja hivi. Maswali ya kweli ("ndizi kumi mia, wapi?") yajibu, kwa sababu wanaosoma baadaye hushuka kwenye majibu. Tusi liache lilipo. Ukilijibu unalipandisha juu watu walione. Aliyekusahihisha kwa haki mshukuru, na uandike sahihisho wazi badala ya kufuta kimyakimya. WhatsApp hukupa dakika 15 za kuhariri ujumbe, Facebook huhifadhi historia ya mabadiliko, na skrinshoti haina dakika.

Kisa kikiwa cha ugonjwa, kufutwa kazi au kufungiwa nyumba, watakuja wawili: mwenye huruma na tapeli. Tapeli huandika chini ya kisa chako nambari ya kuchangia iliyo yake, kwa jina linalofanana na lako. Kwa hiyo andika mapema, ndani ya kisa chenyewe, kwamba hakuna mchango unaoombwa. Na kama upo, nambari iwe moja, ndani ya maandishi yako, si kwenye majibu. Anayekufuata inboksi akisema amekutumia pesa kimakosa kwa kuguswa na kisa chako, mwambie apige simu kwa kampuni yake ya simu arudishiwe, na usitume shilingi.

Mwishowe kuna aliyekuwemo kwenye kisa. Akikuandikia "huyu ni mimi, toa", kitoe siku hiyohiyo, hata kama ulikuwa umemficha vizuri na hata kama kimependwa na watu elfu mbili. Unaweza kukirudisha baada ya miezi, ndizi zikiwa zimegeuka mahindi ya kuchoma na Roysambu imekuwa Kahawa.