Kura ya mtaa huisha Oktoba: mambo ya kuzingatia kabla

Mbukwenyi wote wa Dodoma. Kwanza tuelewane ni kura ipi, maana hapo ndipo wengi wetu tulipoangukia. Siyo ile ya Rais, mbunge na diwani, inayosimamiwa na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Nasema ile ya mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wa kamati yake. Na kwa ndugu zetu wa Bahi, Chamwino, Chemba na kwingine vijijini, mwenyekiti wa kijiji, wajumbe wa halmashauri ya kijiji na mwenyekiti wa kitongoji. Hii iko chini ya TAMISEMI, ofisi ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Ilipigwa Desemba 2014, ikapigwa Novemba 2019, na mara ya mwisho ilikuwa Jumatano ya tarehe 27 Novemba 2024. Hesabu miaka mitano, unafika 2029. Katikati hapo mwenyekiti akifariki au akijiuzulu huitishwa uchaguzi mdogo, na huo unaweza kupita mlangoni kwako wewe ukiwa ndani unakunywa chai.

Usiniambie 2029 ni mbali. Nilishawahi kusema hivyo.

Umri: miaka 18 kupiga kura, 21 kugombea. Uwe Mtanzania, uwe mkazi wa mtaa huo. Hapo sina la kuongeza.

Usimdharau mwenyekiti wa mtaa kwa kuwa hana gari la serikali. Ukitaka kitambulisho cha taifa, utaambiwa lete barua ya mtaa. Kufungua akaunti benki, barua ya mtaa. Kijana wako akishikwa usiku na unataka kumdhamini, barua ya mtaa. Jirani akisogeza uzio wake nusu mita ndani ya kiwanja chako, wa kwanza kuitwa ni yeye, na wote tunaujua mji huu na viwanja vyake, tangu enzi za CDA, ile mamlaka ya kustawisha makao makuu iliyokuwa ikigawa viwanja, mpaka leo.

Ujue mtaa wako kwa jina. Unacheka, lakini muulize mpangaji yeyote wa Dodoma anakaa mtaa gani, atakutajia kata au kituo cha daladala. "Nakaa Nkuhungu." Nkuhungu ni kata, ndani yake kuna mitaa. Mji umepanuka, mashamba ya juzi leo yana fensi na mageti, na kuna nyumba ambazo choo kiko mtaa mmoja na sebule mtaa wa pili, au ndivyo wenyewe wanavyobishana. Kabla ya uandikishaji hutoka tangazo la majina ya mitaa na mipaka yake. Lisome. Kama hulielewi muulize mwenye nyumba, yeye ana karatasi za kiwanja. Nchi hii ina mitaa zaidi ya 4,200, vijiji zaidi ya 12,000 na vitongoji zaidi ya 63,000, na wewe una haki ya kupiga kura katika mmoja tu. Ukijiandikisha mtaa wa jirani kwa sababu meza yao ilikuwa na foleni fupi, umejiandikisha kumchagulia jirani kiongozi, tena bila kibali.

Na wale wa mguu mmoja mjini mguu mmoja kijijini, amueni mapema. Mwisho wa Novemba ndio watu wanaandaa mashamba, wengine wako Mpwapwa, wengine Kongwa, jembe mkononi. Ukijiandikisha mjini halafu siku ya kura uko shambani, hakuna wa kukupigia. Kujiandikisha kote kuwili ni kosa, usijaribu.

Sasa lile lililonichoma.

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko njiani kuelekea ofisi ya mtaa, hatua kama arobaini. Mwaka 2024 mambo mawili yalikaribiana mno. Kwanza walikuja watu wa Tume na mashine zao kuboresha Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Nikaenda, nikawekwa kidole, nikapigwa picha, nikapewa kadi mpya inayong'aa. Nikaiweka kwenye pochi nyuma ya picha ya marehemu mama. Baada ya muda mfupi, tarehe 11 Oktoba, likaanza zoezi jingine la siku kumi, hadi tarehe 20. Hawa hawakuwa na mashine. Walikuwa na dawati la shule chini ya mwarobaini, daftari, kalamu mbili na jiwe la kukandamizia karatasi, maana upepo wa hapa mnaujua.

Nilipita pale siku mbili tofauti. Ya kwanza dada mwandikishaji akaniita: "Kaka, umeshajiandikisha?" Nikampungia kadi. Ya pili akaniita tena, akanieleza kwa utaratibu kabisa: "Hiyo ni ya Tume, kaka. Hii ya mtaa ni nyingine, jina lako linatakiwa liwe humu." Mimi nikamjibu, "Dada yangu, serikali ni moja." Nikacheka na kwenda zangu kupeleka sare za shule.

Ningeishia hapo ingekuwa hasara yangu peke yangu. Lakini jioni uani nikawa profesa. Tulikuwa watu wazima sita katika vyumba vitano. Mama anayekaanga vitumbua chumba cha mwisho akauliza kama kuna haja ya kwenda kule chini ya mti. Nikamwambia asipoteze muda wake, kadi tunazo. Akaniamini, kwa sababu mimi ndiye ninayewasomea barua za umeme.

Tarehe 27 Novemba ilikuwa mapumziko. Vituo vinafunguliwa saa 2 asubuhi, vinafungwa saa 10 jioni. Saa 2 kasoro mimi nipo, shati nimelipiga pasi. Foleni ikasogea. Kijana mwenye orodha akaniuliza majina matatu, akaweka ncha ya kalamu juu ya ukurasa. Kalamu ikashuka, ikapanda, ikafungua ukurasa wa pili, ikashuka tena. Nikamsogezea kadi nikidhani hajanisikia. Akaigeuza mbele na nyuma, akanirudishia kwa mikono miwili. "Kadi ni nzuri, kaka, inakutambulisha. Ila jina halipo." Nikageuka. Nyuma yangu alikuwa mama wa vitumbua, mtoto mgongoni, kadi yake ameshaitoa kabisa. Hakunilaumu. Alikaza tu kitenge, akatoka kwenye foleni. Ningependa angenitukana.

Jioni matokeo yakatangazwa. Nafasi ya mwenyekiti ilitofautiana kwa kura nne. Uani kwetu tulikuwa sita.

Sisemi sote sita tungempa mtu mmoja, kuna mmoja namjua msimamo wake na sio wangu. Na nisiwe mnafiki: mwenyekiti aliyeshinda, ambaye hata kama ningepiga nisingempa, ndiye aliyeamka saa 5 usiku kuniandikia barua nikamdhamini mpwa wangu, na hakuniuliza nilimpigia nani. Ila mtaro aliouahidi yule mwingine haujachimbwa, na mvua ikinyesha maji yanaingia mpaka kwenye miguu ya cherehani.

Kwa hiyo shika hili: kadi ya Tume ni kitambulisho tu siku ya kura ya mtaa. Kinachopiga kura ni jina lako kwenye orodha ya mtaa wako, iliyoandikwa upya kwa uchaguzi huo. Ya 2024 haitakusaidia 2029. Daftari likifungwa Oktoba, kwako wewe ambaye hukuandikwa uchaguzi umeshakwisha. Kinachobaki Novemba ni kutazama wenzako.

Kuandikwa nako hakutoshi. Orodha ikibandikwa, nenda ukalitafute jina lako. 2024 zilikaa ukutani kama wiki moja, na huo ndio muda wa kuomba marekebisho au kumwekea pingamizi mtu asiyekaa pale. Dada wa saluni mkabala na kibanda changu alijikuta ameandikwa "Me" kwenye safu ya jinsia. Akarudi siku hiyohiyo, wakasahihisha kwa kalamu nyekundu. Aliwahi, maana karatasi zilikuwa zimebandikwa kwa uji wa unga wa ngano, na siku ya tatu mbuzi wa jirani walikuwa wameshalamba ukurasa mzima wa herufi M. Hapa Ugogoni majina ya M ni nusu ya mtaa.

Hiyo inanileta kwenye ubao wa matangazo. Jiwekee zamu, mara moja kwa wiki unapita ofisi ya mtaa na kuupiga picha kwa simu. Wote, pamoja na karatasi zilizofunikwa na nyingine. Si uchaguzi tu unaobandikwa pale: upimaji wa viwanja, chanjo, mkutano wa hadhara, fursa za mikopo ya vikundi. Tangazo halisi lina tarehe, sahihi na muhuri. Lile linalozunguka kwenye kundi la WhatsApp likiwa halina hata kimoja, limeandikwa kwa herufi kubwa na kuishia "tuma kwa watu kumi", lithibitishe kwa mtendaji wa mtaa kabla hujalisambaza. Na gari la matangazo usilitegemee, likifika kwenye kona yetu spika inasikika "...wananchi wote mnatangaziwa kwamba..." halafu bodaboda inapita, ukija kusikia tena ni "...nyote mnakaribishwa."

Unayetaka kugombea: lazima udhaminiwe na chama, ujue kusoma na kuandika, na uwe na shughuli halali ya kukuingizia kipato. Fomu ijaze ukiwa umekaa, siyo juu ya pikipiki. Jina kwenye fomu liwe lilelile kwenye kitambulisho, jina la mtaa liwe lilelile kwenye tangazo, sahihi na muhuri wa chama mahali pake. Toa nakala. Rudisha mapema, siku ya mwisho ofisi huwa na mambo yake. Mwaka 2024 nilimshonea mgombea mmoja shati la kampeni, kitambaa kizuri, mifuko miwili. Akaenguliwa kwa kasoro za fomu. Kamati ya rufani ipo, lakini ina muda wake, na alipomaliza kulalamika kijiweni muda ulikuwa umekwisha. Shati liko kwangu mpaka leo, na pesa sijaiona.

Kampeni ni siku saba. Sikiliza wote. Anayeahidi lami muulize atailetaje, maana mwenyekiti wa mtaa hana fungu la lami. Anayeahidi kuitisha mkutano wa wakazi na kusoma mapato na matumizi, huyo anaahidi kilicho ndani ya kazi yake. Kijijini mkutano mkuu unatakiwa kila baada ya miezi mitatu, na ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, si wa wazee na wanachama tu. Sukari na kanga za usiku ni rushwa, anayetoa na anayepokea wote wako pabaya.

Siku yenyewe. Kitambulisho chenye picha: kadi ya kupigia kura, ya NIDA, leseni, pasipoti, kadi ya bima ya afya. Usivae nguo ya chama. Kuna karatasi ya mwenyekiti na kuna ya wajumbe, kundi la wanawake na kundi mchanganyiko. Usiondoke umeweka alama ya vema kwenye moja ukadhani umemaliza. Ukiharibu, sema kabla hujaitumbukiza kwenye sanduku. Simu iache mfukoni, kura haipigwi picha. Mzee, mjamzito na mwenye mtoto mgongoni wapishwe mbele, msisubiri kuambiwa.

Chukua maji ya kunywa na kofia. Jua la Novemba ni kali, na mvua ya kwanza nayo haipigi hodi. Usimpe mtu usiyemjua namba ya kitambulisho chako eti anakusanya za mtaa mzima. Usibishane kwenye foleni, mtaendelea kukutana kisimani. Ukimaliza, rudi nyumbani.

Na ufunge mlango vizuri, siyo kurudishia tu. Siku ile watu wote wanajulikana wako wapi. Nilipotoka kituoni na kadi yangu inayong'aa, nilikuta kibanda kiko wazi na pasi ya mkaa haipo.