Kurekebisha USBL: ni pembe imepinda au futi ya kupimia?

Karakana yetu iko Industrial Area, Nairobi, zaidi ya kilomita 400 kutoka maji ya chumvi, na bado kazi kubwa ya USBL, mfumo wa kutafuta mahali pa kitu chini ya maji kwa sauti, tunaianzia hapa mezani. Transdusa (kifaa cha kutuma na kupokea sauti) iliyofungwa chini ya chombo hupima umbali na upande iliko transponda, kifaa cha sakafuni kinachoijibu kwa sauti, kisha dira ya jairo (huonyesha chombo kimeelekea wapi), kihisi mwendo (hupima kuinama kwa chombo) na GPS husaidia kuipa mahali pake kwenye ramani. Transdusa ikipinda digrii 1 tu dhidi ya jairo, transponda iliyo umbali wa mita 1,000 itaonekana mita 17 kando.

1. Alama, kabla ya kupanda treni. Weka kihisi mwendo mezani, inua ubavu wa kulia kwa kitabu, usome skrini. Imeandika jumlisha au toa? Programu yako inatarajia ipi? Niliwahi kuruka hatua hii. Kule baharini chombo kikienda mrama, yaani kikiinamia ubavu, digrii 3, mfumo uliongeza 3 badala ya kuziondoa, na transponda iliyotulia chini ikawa inacheza ngoma kwenye skrini. Siku mbili za mafuta zikaenda bure.

2. Futi. Chombo kikiwa kimetulia, pima kutoka antena ya GPS hadi transdusa: omo (mbele) na tezi (nyuma), kulia na kushoto, juu na chini.

3. Kasi ya sauti. Ni karibu mita 1,500 kwa sekunde, lakini usikisie. Shusha kipimo hadi chini siku hiyohiyo.

4. Mwendo. Tia transponda nanga kwa kamba fupi, isiyumbe. Pita juu yake kabisa kwa pande nne, kwenda na kurudi. Kisha izunguke duara mbili, za nusu kipenyo cha mita 100 na mita 300, kila moja kwa kulia na kwa kushoto.

5. Tazama nukta kabla ya kukokotoa. Wengi huharakia kubonyeza kitufe, na hapa ndipo wanapopotea. Jairo na transdusa visipolingana, nukta za transponda nazo huchora kiduara. Kwa kosa la digrii 1, nusu kipenyo chake ni mita 1.7 kwenye duara ndogo na mita 5.2 kwenye kubwa. Ukikuta viduara vyote viwili vinalingana ukubwa, achana na pembe, rudi kwenye futi: kosa la vipimo halikui kwa umbali. Zile safari za juu kwa juu zinafichua mrama na kuinama kwa omo, ila chombo kikiwa juu yake kabisa kosa la jairo halionekani.

6. Hesabu. Sasa iache programu itafute zile pembe tatu (ya mrama, ya kuinama kwa omo na ya jairo) pamoja na mahali pa transponda, hadi nukta zikusanyike.

7. Jaribio. Ingiza masahihisho, kisha pita njia mpya ambayo haikutumika kwenye hesabu. Nguzo inayoshika transdusa ikifunguliwa baadaye, hata kwa kusafishwa tu, unaanza tena hatua ya 4.