Mfungwa wa vita: kubaki hai kambini, kutoka, na kufika

Nafasi bora ya kutoroka ni ile ya mapema. Askari aliyekukamata mstari wa mbele hajafundishwa kulinda wafungwa, amechoka, na ana vita vyake vya kupigana. Wewe bado una nguvu, una viatu, na unajua wenzako wako upande gani. Kila ukisogezwa nyuma, walinzi wanakuwa wazoefu zaidi na mwili wako unazidi kudhoofika. Lakini dakika za kwanza kabisa ndizo za hatari kuliko zote: huyo aliyekushika alikuwa anarushiwa risasi muda mfupi uliopita. Mikono ionekane, usifanye kitu cha ghafla, fanya unachoamriwa. Mwanya unakuja baadaye, safarini: lori limekwama, msafara umeshambuliwa, giza limeingia kabla ya kufika kituoni.

Ukihojiwa, Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949 unakudai mambo manne tu: jina kamili, cheo, tarehe ya kuzaliwa na namba ya jeshi. Zaidi ya hapo, "sijui, mimi ni askari mdogo" inayorudiwa kwa unyonge ule ule inafaa kuliko hadithi ndefu ya kutunga, kwa sababu hadithi utaulizwa tena wiki kadhaa baadaye ukiwa hujalala wala hujala, na hapo ndipo inapopasuka. Kisha dai kadi ya kutekwa. Ndani ya wiki moja tangu ufike kambini una haki ya kuitumia kuandikia familia na ofisi ya kutafuta watu ya Msalaba Mwekundu iliyoko Geneva. Usiichukulie kuwa karatasi tu. Jina likishaandikwa huko, kukupoteza kimyakimya kunakuwa kugumu.

Haya yanahusu vita vya nchi na nchi. Ukishikwa na kundi la waasi katika vita vya ndani ya nchi, hadhi ya mfungwa wa vita haipo kisheria. Kinachobaki ni Kifungu cha 3, ambacho kimo katika mikataba yote minne ya Geneva na kinakataza kuua walioshikwa, kuwatesa na kuwadhalilisha. Hakisemi lolote kuhusu kutoroka, kwa hiyo usitegemee kinga ya kutoroka utakayoisoma hapo chini.

Tumbo kabla ya seng'enge

Wanaofia kambini wengi hawauawi na risasi. Wanauawa na kuhara, malaria, vidonda na utapiamlo, na karibu vyote hivyo vina kinga unayoweza kuitengeneza kwa kopo na majivu.

Maji yachemke hadi yatokote dakika 1. Ukiwa juu ya mita 2,000, dakika 3. Kuni zikikosekana, tumia chupa ya plastiki isiyo na rangi, inayopitisha mwanga: jaza maji yasiyo na tope, ilaze kwenye jua kali saa 6. Kukiwa na mawingu, iache siku 2 nzima. Choo kichimbwe angalau mita 30 kutoka kisimani, upande wa chini wa mteremko, na kila anayetoka arushe majivu juu ya kinyesi ili nzi wasitue. Pasipo na sabuni, majivu hayo hayo yanasugulia mikono. Mtu akianza kuhara, usingoje alegee: lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, anywe kidogo kidogo kutwa nzima. Chumvi ikizidi inamdhuru, kwa hiyo onja: isiwe na chumvi kuliko machozi.

Chakula cha kambini huwa cha aina moja, na hapo ndipo hila ya mwili ilipo, maana mtu anaweza kushiba na bado akafa. Katika kambi za Wajapani wakati wa Vita vya Pili, wafungwa walilishwa wali mweupe uliokobolewa na wakapatwa na beriberi: ganzi miguuni, kisha uvimbe ambao ukiubonyeza kwa dole gumba shimo linabaki, kisha moyo unashindwa. Dawa ilikuwa ikitupwa mashineni, nayo ni pumba. Omba pumba za mchele, zichekeche kuondoa maganda makali, tia konzi moja kwenye uji wa kila siku. Kunde, maharage na karanga zinafanya kazi hiyo hiyo. Mchele usiuoshe mara tatu, wala maji ya kuupikia usiyamwage, kwa kuwa vitamini inayotakiwa huyeyuka ndani yake.

Fizi zikitoka damu na makovu ya zamani yakifunguka, hicho ni kiseyeye. Miligramu 10 tu za vitamini C kwa siku zinakizuia, na zinapatikana kwenye ndimu moja ndogo, pera, au majani mabichi yanayolika. Ukiyapika majani hayo kwa muda mrefu, umeipoteza. Panzi na kumbikumbi usiwaonee aibu: toa mabawa na miguu, kaanga kwenye kopo hadi wakauke.

Miguu ikague kila jioni, hasa katikati ya vidole. Mkwaruzo usiooshwa nchi za joto unaweza kuwa kidonda kinachofika mfupani. Asiye na miguu mizima hatoroki.

Kuongea kupitia ukuta

Upweke unavunja mtu haraka kuliko njaa. Wakati wa Vita vya Vietnam, katika gereza la Hoa Lo mjini Hanoi, marubani wa Kimarekani waliotengwa waliongea kwa kugonga ukuta, kwa jedwali la mistari 5 na safu 5. Mwaka 1965 Carlyle Harris aliwafundisha wenzake, naye alikuwa amelisikia mafunzoni. Kwa kuwa herufi ni 26 na nafasi ni 25, wao waliondoa K wakaweka C mahali pake. Kwa Kiswahili hilo halifai hata kidogo, K ni roho ya lugha. Ondoa Q:

A B C D E
F G H I J
K L M N O
P R S T U
V W X Y Z

Gonga namba ya mstari, tua, gonga namba ya safu. MAJI ni 3-3, 1-1, 2-5, 2-4. Anayepokea akishaelewa neno anagonga mara 2 ili usilimalizie. Makosa hutokea kwenye kutua: kimya cha kati ya mstari na safu kiwe kifupi, cha kati ya herufi na herufi kiwe kirefu zaidi. Anayeharakisha anasikika kama mtu anayepigilia misumari. Koleo, ufagio, hata kikohozi vinaweza kubeba herufi zile zile.

Sheria ya kutoroka

Kutoroka kwa mfungwa wa vita si jinai. Ukishikwa tena, kifungu cha 92 cha Mkataba wa Tatu kinaruhusu adhabu ya kinidhamu tu, na adhabu hiyo haizidi siku 30. Kuvaa nguo za kiraia, kughushi vitambulisho au kuiba bila nia ya kujitajirisha, ikiwa vyote vilikuwa kwa ajili ya kutoroka, navyo vinabaki kwenye nidhamu. Mpaka ni damu: ukimjeruhi au kumuua mtu, utashtakiwa kwa jinai. Mlinzi naye anaruhusiwa kukupiga risasi kama hatua ya mwisho, baada ya kutoa onyo. Usisahau kwamba sheria huvunjwa. Machi 1944 wafungwa 76 walitoka Stalag Luft III, kambi ya Wajerumani. 73 walikamatwa, na 50 kati yao wakauawa kwa amri ya Hitler. Ndiyo maana mpango wa kutoroka upitie kwa mkubwa wenu kambini, kwa sababu wanaobaki ndio wanaolipa.

Handaki la kambi ile linafundisha mengi. Lilishuka karibu mita 9 ili vinasa sauti vya Wajerumani visilisikie, likaenda zaidi ya mita 100, upana wake ukiwa kama sentimita 60. Kuta zilishikwa na mbao za vitanda, takriban 4,000. Hewa ilisukumwa kwa kiriba cha kutengeneza kupitia bomba la makopo ya maziwa. Tatizo kubwa lilikuwa udongo: mchanga wa chini ulikuwa wa manjano, wa juu wa kijivu, hivyo ulibebwa ndani ya vifuko vilivyofichwa ndani ya suruali na kumwagwa kidogo kidogo huku wengine wakiukanyagia. Na kosa lililowagharimu lilikuwa la kipimo. Tundu la kutokea lilifunguka kabla ya kufika kwenye miti, mlinzi akipita karibu. Ukichimba, pima umbali kwa njia mbili tofauti, kisha ongeza mita 10.

Lakini tazama ni nani waliofika. Ni watatu: Wanorwe wawili waliopanda treni hadi Stettin kisha meli ya kwenda Sweden, na Mholanzi aliyepita Uholanzi, Ubelgiji na Ufaransa hadi Hispania. Wote waliweza kupita kama wafanyakazi wa kigeni, ambao walijaa Ujerumani wakati ule. Seng'enge ni kazi ya usiku mmoja. Baada yake kuna mamia ya kilomita ambamo uso wako, lafudhi yako na namna unavyoshika sigara vinakusema. Kwa hiyo anza na swali hili: ni wapi mtu kama mimi hapigwi jicho mara mbili?

Waitaliano waliofungwa kambi namba 354 ya Nanyuki hawakuwa na mahali hapo. Nchi isiyokuwa vitani iliyokuwa jirani ilikuwa Msumbiji, mbali mno. Januari 1943 watatu walitoka kwa ufunguo wa kunakili, wakaelekea Mlima Kenya na vifaa vya barafu vilivyotengenezwa kwa chuma chakavu, kamba za mkonge, na picha ya mlima kwenye lebo ya kopo la nyama badala ya ramani. Wawili walifika kilele cha Lenana, mita 4,985, kisha wote wakarudi kambini wenyewe. Walipewa siku 28 za upweke, wakatumikia 7. Chakula kiliwaishia kabla ya safari kwisha. Hesabu yako ya chakula iwe ya kwenda, kurudi nyuma, na kupotea.

Njiani

Toka usiku wa mvua au upepo, mara tu baada ya kuhesabiwa, ili saa zote hadi hesabu ijayo ziwe zako. Msituni usiku utapata kilomita 1 kwa saa, pengine 2. Anayepanga 4 anajidanganya. Maji ni lita 4 kwa siku angalau, kwenye joto zaidi. Lala mchana mbali na njia, mto na shamba, maana watoto na mbwa ndio wanaokugundua. Kuna mwelekeo hata bila dira: chomeka kijiti cha mita 1, weka alama ncha ya kivuli, ngoja dakika 20, weka ya pili. Alama ya kwanza ni magharibi. Usiku, vuta mhimili mrefu wa kundi la nyota la Msalaba wa Kusini mara 4 na nusu, kisha shuka wima hadi upeo wa macho: hapo ni kusini.

Dieter Dengler, rubani wa Kimarekani, alitoroka kambini Laos tarehe 29 Juni 1966 walinzi wakiwa wanakula, akaokolewa wiki tatu hivi baadaye akiwa na kilo kama 44. Mwenzake aliuawa walipokutana na mwanakijiji. Kilichomwokoa ni kitambaa cheupe cha parachuti alichompungia rubani. Beba kitu cheupe.

Lindo la wenzako usilikaribie usiku. Ngoja mwanga, simama mbali mahali pa wazi, mikono juu, bila silaha, taja jina na kikosi, usisogee hadi uitwe. Ukipewa chakula, usile hadi ushibe. Mwili uliokaa na njaa miezi mingi ukijazwa ghafla, madini ya damu yanavurugika na moyo unaweza kusimama. Anza na uji mwepesi, vikombe vidogo mara 6 hadi 8 kwa siku, chini ya macho ya daktari, na mwambie siku zile ulizokaa bila kula kabla hajakutundikia dripu ya sukari, kwa kuwa vitamini B1 lazima itangulie.